Isale Lililorudishwa

Jani lilikuwa limekauka tangu siku walipolipata, na Sajini Yuditha Nkya alikuwa ameliona hivyo kwa macho yake mwenyewe.

Sasa lilikuwa juu ya meza yake ndani ya mfuko wa nailoni ulioandikwa Kielelezo B: jani refu la isale, limefungwa fundo katikati, rangi yake imegeuka kuwa kama ya majani ya chai. Kielelezo A kilikuwa kidumu cha mafuta ya taa. Kwa vitu hivyo viwili kijana aitwaye Calvin alikuwa amelala mahabusu, na kesho, Jumatano, saa tatu asubuhi angefikishwa mahakamani kwa kosa la kuchoma jengo. Kosa hilo linaweza kumpeleka mtu jela maisha.

Moto wenyewe ulionekana Jumapili saa tano na nusu, watu wakiwa makanisani, katika ofisi ya Mwalimu Eliufoo Munisi mtaani Rau. Majirani waliuzima kwa ndoo kabla haujashika dari. Hakuna kwaya ya mlimani ambayo haijaimba kitu cha Mwalimu Munisi. Alifundisha muziki chuo cha ualimu miaka ishirini na sita, akatunga nyimbo zaidi ya mia mbili, na alipostaafu akafungua ofisi ile ya kuchapisha vitabu vya nyimbo. Calvin alikuwa mfanyakazi wake, kazi yake kuchapa nota kwenye kompyuta. Ijumaa walikuwa wamegombana hadi majirani wakasikia. Kidumu kilikuwa cha Calvin, na mwenyewe hakukana. Alisema alikuwa akisafishia mashine ya zamani ya stensili.

Kidumu peke yake kisingetosha. Jumatatu asubuhi, Inspekta Godwin alipoliokota lile jani chini ya meza ya Mwalimu, alitaka kulitupa. Yeye ni mtu wa Songea. Ni Yuditha aliyemshika mkono. Alimweleza, tena kwa majivuno, kwamba Mchagga aliyemkosea mwenzake humpelekea isale lililofungwa fundo, na anayelipokea hawezi kukataa kusamehe. Alikumbuka neno kwa neno alivyomalizia.

"Afande, huyu amekwishakiri kwa jani."

Sentensi hiyo ndiyo iliyomtia Calvin mahabusu. Jana usiku, akiwa nyumbani akikatakata mboga, kisu kilimsimama mkononi. Isale ni jani gumu. Ukilikata leo, wiki ijayo bado ni kijani. Hili lilikutwa kavu siku moja tu baada ya moto, maana yake lilikatwa wiki mbili nyuma au zaidi. Nani anaomba radhi ya kosa ambalo bado hajalifanya?

Alichukua mfuko, akashuka mahabusu.

Calvin alikuwa amekaa sakafuni, viatu havina kamba. Yuditha alimwonyesha jani na kumuuliza kama analijua.

"Si uliniuliza jana, afande? Nikasema silijui. Ukaandika nimekaa kimya."

"Hulijui kabisa?"

"Mimi nimekulia Tabata. Nilidhani mnafungia samaki."

Askari wa zamu alicheka. Yuditha hakucheka. Alimuuliza tena juu ya ugomvi wa Ijumaa, na Calvin akajibu kwa sauti ya mtu anayerudia somo kwa mwanafunzi mzito: alikuwa akihamisha nyimbo za zamani kwenye kompyuta, akakuta karatasi moja kwenye droo, akamuuliza Mwalimu maana yake, Mwalimu akapandisha hasira. Karatasi ilikuwa na jina la mwanamke. Dominika. Haya yote alikuwa ameyasema jana. Inspekta Godwin akacheka kwamba ni mambo ya wanawake, na Yuditha akageuza ukurasa.

"Nilikwambia mkamuulize Mwalimu huyo Dominika ni nani," Calvin alisema. "Mlimuuliza?"

Hawakumuuliza. Yuditha alikuwa ameimba sauti ya pili katika kwaya ya Mwalimu Munisi kwa miaka minne. Jumatatu alichukua maelezo yake akiwa amesimama wima, kama yuko darasani. Mwalimu alisema Jumapili aliongoza kwaya ibada ya kwanza kanisani kwao Masama, akabaki hadi mwisho wa mnada wa sadaka, akanunua mkungu wa ndizi, akarudi nyumbani. Yuditha aliandika yote, akasema asante Mwalimu, na hakupiga simu hata moja kuhakiki.

*

Ofisi ya Rau ilinuka majivu yaliyolowa. Gladness, karani wa Mwalimu, alikuwa akifuta madaftari kwa kitambaa, macho yamevimba. Kwa kuwa kulia hakukumzuia kusema, Yuditha alimwacha aseme. Alieleza jinsi Mwalimu alivyoanza kuchapisha kwa stensili na wino uliomganda kwenye kucha, jinsi alivyokuwa akiandika nota za solfa kwa mkono, do-re-mi za sauti nne, kwa mwandiko ambao watu walidhani ni wa mashine. Na jinsi alivyokuwa hatupi kitu. Kila mwaka ulikuwa na droo yake ya mbao, na ndani yake aliweka tungo zake pamoja na mazoezi ya wanafunzi wake wa mwaka ule, bila kuyatenga.

"Kwa nini asitenge?"

"Alikuwa anasema somo ni moja."

Droo thelathini na tano zilikuwa kwenye kabati lao, zimepangwa. Nafasi moja ilikuwa wazi: 1988. Katikati ya chumba, sementi ilikuwa na duara jeusi lenye ukingo safi, upana wa karai la kuchanganyia zege. Karai lenyewe lilikuwa nje mlangoni. Moto ulikuwa umewashwa ndani yake, ukaruka ukashika pazia, na pazia ndilo lililowaita majirani.

Yuditha alivuta droo ya 1987. Uso wake wa mbele, unaotazama chumba, ulikuwa msafi. Ubavu wa kulia, ambao ndani ya kabati umefichwa na droo jirani, ulikuwa na masizi. Akavuta ya 1989, ya 1990, ya 2001. Zote vile vile: mbele safi, ubavu mweusi.

"Gladness, Jumatatu asubuhi droo hizi ulizikuta wapi?"

Gladness alionyesha ukuta wa mbali, karibu na mlango. Zilikuwa sakafuni, alisema, zimepandana. Mwalimu ndiye aliyemwambia azirudishe mahali pake kabla polisi hawajafika, ili wageni wasikute fujo.

"Zilipandanaje? Ovyo?"

"Hapana. Kwa miaka. Mpya juu, za zamani chini."

Yuditha alitazama ule ukuta. Mtu aliyekuja kulipiza kisasi angemwaga mafuta kabatini na kukimbia. Huyu alitoa droo thelathini na tano moja moja, akazipeleka mbali na moto, akazipanga kwa mwaka, ndipo akachoma ile moja. Kufuli halikuvunjwa. Funguo zilikuwa tatu, za Gladness, Calvin na Mwalimu mwenyewe.

Swali la mwisho alilisubirisha hadi wako mlangoni. Je, wiki zilizopita kuna mtu alileta jani la isale? Gladness alifikiri. Jani hakuliona. Lakini Ijumaa ya wiki iliyotangulia, bodaboda alileta bahasha kubwa ya kaki. Mwalimu aliifungua, akatoka bila kofia yake.

"Ilitoka wapi?"

"Kirua Vunjo. Mtumaji alikuwa mwalimu mmoja mstaafu. Mama Dominika."

*

Mama Dominika Njau alikuwa nyuma ya nyumba akikatakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe wake. Aliitikia shikamoo bila kusimamisha panga, akasema alijua serikali itafika, ila alidhani itamtuma mwanamume. Yuditha alionyeshwa kigoda. Alikaa.

Alitoa mfuko wa nailoni. Mama Dominika alilitazama jani kwa muda mfupi tu, kama mtu anayeitambua sufuria yake kwa jirani.

"Hilo nilimrudishia."

Alisimulia kwa kukata, panga na maneno kwa zamu. Mwaka 1988 alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza chuoni, Mkatoliki pekee katika darasa la muziki la Mwalimu Munisi. Zoezi la mwisho wa muhula lilikuwa kutunga wimbo wa sauti nne. Yeye alichukua sauti ambayo bibi yake alikuwa akiivumisha akishuka na mzigo wa majani ya ng'ombe, akaitilia maneno, akaiandika kwa solfa. Mwalimu alimpa alama kumi na saba kati ya ishirini. Miaka mitatu baadaye aliusikia wimbo ule redioni, ukiimbwa na kwaya ya Mwalimu, na mtangazaji akamtaja Mwalimu kuwa mtunzi. Ndio wimbo uliomjulisha kwa watu. Ndio uliouza kitabu chake cha kwanza.

"Hukumshtaki?"

"Kwa nani, binti? Alikuwa mwalimu wangu. Na kuandika nota alinifundisha yeye. Bila yeye ningeuimba hapa zizini ukaishia kwa ng'ombe."

Yuditha alisema polisi watahitaji kitu zaidi ya neno lake. Mama Dominika akaweka panga chini.

"Zile alama tatu alizoninyima. Unajua alininyima kwa nini? Mstari wa tatu, sauti za teno na besi zinapanda pamoja kwa namna aliyotukataza. Akazungushia kalamu nyekundu. Sasa fungua kitabu chake. Lile kosa limo. Sijui alikuwa na haraka, au aliona haya kuligusa."

Yuditha hakuhitaji kitabu. Alikuwa ameuimba wimbo ule pengine mara mia. Kila walipofika mstari wa tatu, Mwalimu alikuwa akiharakisha mkono na kuwapitisha mbio, na wao wanakwaya walidhani ndio uzuri wake.

Mwezi uliopita, Mama Dominika aliendelea, ilimfikia bahasha kutoka kwa Mwalimu. Nyumba moja ya uchapishaji ya Dar inataka kutoa nyimbo zote za Mwalimu katika kitabu kimoja, na ukurasa wa kwanza uwe na picha ya ule wimbo katika mwandiko wa mtunzi. Ndani ya bahasha kulikuwa na isale lililofungwa fundo. Kulikuwa pia na fomu ya kutia saini, kwamba yeye Dominika Njau hana dai lolote juu ya wimbo huo.

"Isale na fomu," alisema. "Bahasha moja."

Ng'ombe alivuta kipande cha mgomba kutoka miguuni pake.

"Watu wanasema isale halikataliwi. Sikulikataa. Nililirudisha lilikotoka, likamalizie kazi."

*

Kabla ya kupanda Masama, Yuditha alisimama mjini na kupiga ile simu aliyopaswa kuipiga Jumatatu. Mzee wa kanisa wa zamu alimjibu kwa furaha. Ndiyo, Mwalimu aliongoza kwaya ibada ya kwanza. Mnada? Jumapili iliyopita mnada haukufanyika. Walikuwa na wageni wa jimbo, ndizi na mayai na kuku vikahifadhiwa hadi Jumapili ijayo. Ni mara ya kwanza, alisema, tangu yeye awe mzee wa kanisa.

Mwalimu Munisi alikuwa barazani kwake, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo, akianika kahawa kwenye wavu. Miaka sabini na minne haikuwa imemwinamisha. Yuditha alimwamkia kama siku zote, akaitikiwa kama siku zote. Kisha akavuta kiti bila kukaribishwa na kukaa mbele yake.

"Mwalimu, ule mkungu ulionunua mnadani ulikuwa wa ndizi gani?"

"Mshare."

"Jumapili hakukuwa na mnada."

Mkono wake uliendelea kusambaza kahawa hadi ulipofika ukingo wa wavu. Yuditha hakumwongezea neno. Aliyemfundisha kwamba kimya nacho huhesabiwa ni mzee huyu huyu.

Baadaye alimuuliza kwa nini alizihamisha zile droo nyingine kabla ya kuwasha moto.

"Zina kazi za wanafunzi," alisema Mwalimu, kana kwamba swali lilikuwa la kijinga.

Aliingia ndani, akarudi na kitabu cha nyimbo za kanisa. Katikati yake kulikuwa na karatasi moja ya daftari, iliyokunjwa mara mbili, ukingo mmoja umebabuka kwa moto. Juu, kwa wino wa bluu: Dominika Njau, Mwaka wa Kwanza. Chini yake sauti nne za solfa. Mstari wa tatu ulikuwa umezungushiwa nyekundu, na mwishoni kulikuwa na 17/20 na neno moja: Vizuri.

Alisema Calvin alipomwekea karatasi ile mezani Ijumaa na kuuliza Dominika ni nani, hakuwa na jibu ambalo lisingekuwa uongo, basi akapiga kelele. Jumapili alitoka kanisani baada ya ibada ya kwanza akiwa na nia ya kuichoma hiyo tu. Halafu akaona ikikosekana peke yake Calvin atajua, ndipo akaichoma droo nzima. Kila karatasi ya mwaka ule iliingia karaini, tungo zake mwenyewe kumi na mbili zikiwemo. Hii aliiacha iwe ya mwisho. Ilipoanza kushika akaivuta kwa vidole. Alionyesha vidole vyake. Jumatatu Yuditha aliviona vimefungwa plasta, akampa pole.

"Na Calvin?"

"Nilidhani mtamwachia. Hamkuwa na kitu juu yake zaidi ya kidumu."

"Tulikuwa na jani."

"Jani gani?"

Yuditha aliuweka mfuko wa nailoni juu ya kahawa. Mwalimu aliinama. Alilitambua fundo kabla ya jani, maana alilifunga mwenyewe. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wake, mahali ambapo mtu wa umri wake hakai.

"Hilo ni langu," alisema. "Mmemfunga kwa isale langu."

"Nimemfunga mimi, Mwalimu. Nilimwambia afande wangu maana yake."

Hakubishana kuhusu kwenda kituoni. Aliomba tu avae koti, na karatasi isikunjwe tena. Walipofika mpaka wa kihamba chake, shamba la ukoo, ambako masale yamesimama kama uzio, Yuditha alisimamisha gari, akashuka, akakata jani moja kwa kisu cha mfukoni. Alilifunga fundo akiwa amesimama barabarani. Utomvu ulimlowanisha vidole. Mwalimu alikuwa akimtazama kupitia kioo kilichoshushwa.

"Nikatie na mimi moja," alisema.

"Hili ni la kwangu. La kwako utalikata mwenyewe, Mwalimu, na utalipeleka kwa miguu yako. Bila fomu."

*

Saa kumi na mbili jioni Calvin alisimama kaunta akirudishiwa vitu vyake: simu, mkanda, kamba za viatu, funguo zake. Inspekta Godwin alikuwa amesoma taarifa mpya ya Yuditha mara mbili, akatia saini, na akaenda zake bila kumtazama usoni. Pembeni, kwenye benchi la wageni, Mwalimu Munisi alikuwa amekaa mikono magotini. Calvin alimpita bila salamu. Kisha akarudi hatua moja, akasema shikamoo kwa sauti ndogo, kwa mazoea, na ikawa mbaya zaidi kuliko kama angepita tu.

Yuditha alimwekea jani kwenye kaunta, kando ya simu. Calvin alilitazama, akanyanyua mikono yote miwili.

"Na hili nalo mnanibambikia?"

Alimweleza. Alieleza asili yake, fundo, na kwamba anayepewa halikatai. Calvin alisikiliza akiwa anapitisha kamba kwenye kiatu.

"Sisi Tabata," alisema, "ukimkosea mtu unamwambia."

Askari watatu waliokuwa kaunta waliacha walichokuwa wakifanya. Mmoja alijifanya anatafuta kalamu.

"Nimekukosea, Calvin," Yuditha alisema. "Uliniambia kweli yote jana, na sikukusikiliza, kwa sababu aliyekuwa upande wa pili alikuwa mwalimu wangu. Nisamehe."

Calvin alifunga kiatu cha pili. Alivaa mkanda, akahesabu funguo zake, akatoa ule wa ofisi ya Rau na kuuacha kaunta. Mwisho akalichukua jani.

"Sijasema nimekusamehe, afande. Nimelipokea tu."

Alitoka akiwa amelishika kwa ncha, mbali na shati.

Yuditha alirudi mezani kwake. Alifungua jalada kwenye ukurasa wa Jumatatu, kwenye mwandiko wake mwenyewe mzuri ulionyooka: *Mtuhumiwa alipoonyeshwa kielelezo B alikaa kimya.* Akaukata mstari huo kwa kalamu mara moja, uendelee kusomeka. Juu yake akaandika: *Alisema halijui.* Akatia saini, akaweka tarehe, akamwita Mwalimu Munisi aingie kutoa maelezo yake upya.

Safari hii Yuditha hakusimama.